Fundi Anajibu: Mota ya siri, ipo au haipo?

Toleo lililopita lilikuwa na picha za mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali, na tangu litoke barua zimekuja kwa wingi, karibu zote zikiuliza jambo moja: mabingwa hawa wanapanda milima kwa miguu yao, au kuna mota ndani ya fremu? Nimechagua tano za kujibu. Zilizojaa matusi kwa waendeshaji nimeziweka kando.

Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu hapa Nakuru na ni shabiki wa mwendesha baiskeli Chris Froome tangu alipovaa mara ya kwanza jezi ya njano, ile ya anayeongoza Tour de France. Juzi hotelini, tukinywa chai, kijana mmoja alitutolea simu akatuonyesha video ya mlima Ventoux wa Ufaransa, mwaka 2013. Froome amekaa kwenye siti, miguu inakwenda kama cherehani, mpinzani wake Alberto Contador anaachwa. Kijana akasema hapo hakuna miguu, hapo kuna mota. Nilimbishia lakini hoja sikuwa nayo, na wenzangu wakanifunga mdomo kwa "lisemwalo lipo". Nipe ukweli.
*Mwalimu, Nakuru*

Mwalimu, video hiyo naijua, na nimeitazama polepole kwa jicho la fundi. Ilikuwa tarehe 14 Julai 2013, hatua ya 15 ya Tour de France, kilomita 242 na nusu kutoka Givors hadi kileleni. Zilipobaki kama kilomita saba, Froome aliongeza mwendo bila kuinuka na Contador akakatika. Halafu akamfikia Nairo Quintana wa Kolombia, aliyekuwa ametangulia, na karibu na mwisho akamwacha naye. Alimshinda kwa sekunde 29.

Watu wanashuku kwa mambo mawili: hakusimama juu ya pedali, na miguu ilizunguka haraka mno. Yote mawili yana maelezo yasiyohitaji betri. Froome alizoea kupanda mlima hivyo, gia nyepesi na mizunguko mingi, huku macho ameyainamisha kwenye kifaa cha kupimia wati, yaani nguvu ya mguu. Hata spoketi yake ya mbele haikuwa duara kamili. Ilikuwa na umbo la yai, na hilo hubadilisha jinsi mguu unavyopita pale juu na pale chini. Mtu asiyejua akiona anaona ajabu.

Ukitaka hesabu, zipo. Mwaka 2015 alishinda hatua ya La Pierre-Saint-Martin na kelele zikapanda. Mtaalamu mmoja kwenye televisheni ya Ufaransa alikisia kwamba Froome alitoa wati 7.04 kwa kila kilo ya mwili wake. Timu yake ya Sky ikatoa namba zake: wastani wa wati 414 kwa muda wa dakika 41 na nusu, mtu wa kilo 67 na nusu. Spoketi ile ya umbo la yai huzidisha kipimo kwa asilimia kama sita, na ukiipunguza hiyo unapata wati 5.78 kwa kilo. Baada ya Tour hiyo, mwezi Agosti, alikwenda maabara London akapimwa, na wapimaji wakapata wati 419 ambazo anaweza kuzihimili kwa dakika 20 hadi 40. Namba za maabara na namba za mlimani zinakaribiana. Mguu ule ulikuwa na uwezo wa kufanya kilichoonekana.

Sisemi namba zinamtakasa mtu. Kuna mengine yaliyomgusa Froome, kama kipimo cha salbutamol cha Vuelta, mbio za Hispania, ya 2017, kesi iliyofungwa Julai 2018 bila adhabu. Lakini salbutamol ni dawa ya pumu, na wewe umeniuliza kuhusu mota. Tusizichanganye.

Mchezo huu una jeraha. Oktoba 2012 Mmarekani Lance Armstrong alinyang'anywa mataji yake yote saba ya Tour kwa kutumia dawa. Miezi tisa baadaye Froome akapanda Ventoux kwa namna ile. Watu waliokuwa wamedanganywa miaka yote hiyo wangemwamini vipi yeyote? Mimi nawaelewa kabisa. Na habari ya mota ilikuwa imeshaanza. Mwaka 2010 Fabian Cancellara wa Uswisi alimwacha Tom Boonen kwenye kilima cha Muur katika mbio za Flanders, akiwa amekaa vilevile, na wiki moja baadaye akashinda mbio za Paris-Roubaix. Video ikatengenezwa ikionyesha mkono wake ukigusa karibu na gia, eti anabonyeza swichi. Davide Cassani, aliyewahi kuwa mwendeshaji wa kulipwa, akaonyesha kwenye televisheni ya Italia baiskeli yenye mota iliyofichwa. Cancellara alikana, na hakuna mtu aliyewahi kuonyesha kitu ndani ya baiskeli yake.

Froome amezaliwa Nairobi, na hilo linanigusa. Alikuwa mtoto alipoanza kwenda kwa mwendesha baiskeli David Kinjah kule Mai-a-Ihii, upande wa Kikuyu, akilala pale kwa Kinjah na vijana wengine, akijifunza kufungua baiskeli na kuifunga tena. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006, Melbourne, aliiwakilisha Kenya. Mtoto huyo akakua, akashinda Tour mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2015, akiwa na jezi ya njano, mtazamaji mmoja alimmwagia mkojo barabarani akimwita mlaji dawa. Mkojo, Mwalimu! Kwa ushahidi gani? Tuhuma zisizo na kitu mkononi huishia pale, na mimi zinanikera kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Kwa hiyo kijana wa hotelini mwulize swali moja: baiskeli iko wapi? Katika Tour ya 2016, ambayo Froome aliishinda, Shirikisho la Baiskeli la Dunia, UCI, lilifanya ukaguzi 3,773 wa baiskeli. Mota haikupatikana hata moja. Froome mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowaambia wakubwa wa mchezo wakague baiskeli mara nyingi zaidi. Na katika Tour hiyohiyo ya 2016, tarehe ileile 14 Julai na kwenye mlima uleule, pikipiki ilisababisha ajali, baiskeli yake ikavunjika, naye akaanza kukimbia kwa miguu kupanda Ventoux na viatu vyake vya pedali. Mwonyeshe na video hiyo.

Shikamoo Fundi. Ninasoma ufundi hapa Morogoro. Sielewi mota inaingiaje kwenye fremu ya baiskeli ya mashindano bila kuonekana, na betri inakaa wapi. Kaka yangu anasema ni uongo, haiwezekani.
*Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Kaka yako amekosea, na nimeishika moja kwa mikono yangu.

Mzee mmoja kutoka Ulaya, aliyekuwa likizoni Diani, aliniletea baiskeli yake hapa Majengo akilalamika kwamba kuna kitu kinasaga karibu na krenki, ile mikono inayoshika pedali. Hakuficha. Moyo wake ulikuwa unasumbua, na daktari alimruhusu kuendesha mradi asijichoshe. Nikachomoa siti na bomba lake, nikamulika tochi ndani ya fremu. Chini kabisa, pale ambapo kwa kawaida unaona giza na kutu kidogo, palikuwa na kichwa cha chuma kinachong'aa na waya. Nikalegeza skrubu iliyoshika kutoka nje, nikakivuta taratibu. Ikatoka silinda nyembamba, urefu wake kama sentimita 22, unene wa kutosha tu kujaza bomba. Mwisho wake una kijino cha chuma chenye meno ya mshazari. Kijino hicho hushika meno mengine yaliyofungwa kwenye ekseli ya krenki. Grisi ilikuwa imekauka na kuchanganyika na mchanga mweupe wa pwani, na huo ndio uliokuwa ukisaga. Nikaosha kwa mafuta ya taa, nikapaka grisi mpya, nikarudisha. Baiskeli ikiwa bado imening'inia kwenye stendi, mzee akabonyeza swichi ndogo mwisho wa usukani. Pedali zikaanza kuzunguka zenyewe. Mlio wake ni mwembamba. Ndani ya karakana unausikia vizuri, lakini barabarani, watu wakipiga kelele na pikipiki za televisheni zikiunguruma, hungeusikia.

Betri ya mzee ilikuwa kwenye kijimfuko chini ya siti. Ipo mitindo mingine, betri yenye umbo la chupa ya maji, au iliyoingizwa ndani ya bomba. Mota na betri pamoja huwa na uzito wa karibu kilo 1.8, na mguu hupewa nyongeza ya takriban wati 100.

Piga hesabu nami, kwa kuwa unasoma ufundi. Chukua mpandaji wa kilo 67 na nusu kwenye baiskeli ya kilo 6.8, ambao ndio uzito wa chini unaoruhusiwa na UCI. Ongeza kilo 1.8. Uzito wote umepanda kwa asilimia mbili na kidogo, kwa hiyo mtu anayetoa wati 414 mlimani atahitaji karibu wati 10 zaidi ili aende mwendo uleule. Anapoteza 10, anapata 100. Hata akipata 30 tu, kwa dakika chache zile za mwisho wa kupanda, mbio zimekwisha. Mlimani bingwa na mtu wa kumi hutenganishwa na wati chache sana. Hesabu hii ndiyo inayonifanya nisimcheke mtu yeyote anayeogopa mota.

Sasa ukijua mota inashika wapi, unaweza kupima maneno ya watu. Katika Vuelta ya 2014 Ryder Hesjedal wa Kanada alianguka kwenye kona, na baiskeli yake ikiwa chini ikaendelea kujizungusha barabarani yenyewe. Dunia nzima ikapiga kelele: mota! Lakini mota ya ndani ya bomba la siti huzungusha krenki. Krenki huvuta cheni, cheni ndiyo huvuta gurudumu la nyuma. Gurudumu peke yake, kwa sababu ya friwili, yaani meno ya nyuma yanayoliachia lizunguke bila pedali, linaweza kuendelea kuzunguka likiwa na kasi ya mteremko hata kama krenki zimesimama, na likigusa lami litaisukuma baiskeli iliyolala. Ijaribu kwenye karakana ya chuo chenu. Geuza baiskeli, zungusha gurudumu la nyuma kwa nguvu, kisha ilaze sakafuni tairi likigusa chini. Utaiona ikihama. Baiskeli za timu ya Hesjedal zilikaguliwa, hakikuonekana kitu.

Habari ya mota ya sumaku iliyofichwa ndani ya ringi ni nyingine. Mhandisi wa Hungaria aitwaye Istvan Varjas alieleza kwenye televisheni ya CBS ya Marekani, Januari 2017, kwamba ametengeneza mota za siri tangu miaka ya tisini na kwamba mwaka 1998 alilipwa karibu dola milioni mbili na mnunuzi asiyetajwa. Kwenye kipindi hichohicho Jean-Pierre Verdy, aliyewahi kuongoza upimaji wa dawa nchini Ufaransa, alidai waendeshaji kama 12 walitumia mota kwenye Tour ya 2015. Madai makubwa hayo. Hakuna jina lililotajwa, hakuna gurudumu lililowekwa mezani. Kitaalamu sioni kizuizi cha kutengeneza ringi ya namna hiyo, lakini mpaka leo hakuna aliyenaswa nayo kwenye mbio za kulipwa.

Kaka Fundi, mimi ni muuguzi, ninaishi Ubelgiji katika jimbo la Limburg. Wagonjwa wangu wazee wanapenda mbio za baiskeli kuliko mpira, na bado wanamtaja yule binti aliyekamatwa na mota Heusden-Zolder. Wanamcheka. Mimi roho inaniuma, alikuwa mtoto wa miaka 19. Je, alitendewa haki?
*Dada yako, Limburg*

Dada, asante kwa kuuliza kwa huruma.

Wasomaji wengine wajue kisa. Tarehe 30 Januari 2016, kwenye mashindano ya dunia ya mbio za matope yaliyofanyika Heusden-Zolder, wakaguzi wa UCI walipitisha vishikwambi vyao kwenye baiskeli zilizokuwa sehemu ya mafundi. Kishikwambi hicho husoma mabadiliko ya nguvu za sumaku. Baiskeli moja ikaonyesha ishara, wakaichukua, wakaifungua: mota ndani ya bomba la siti, betri, na swichi ya Bluetooth iliyofichwa chini ya utepe wa usukani. Ilikuwa baiskeli ya akiba ya Femke Van den Driessche. Alikuwa bingwa wa Ulaya na wa Ubelgiji wa chini ya miaka 23. Yeye alisema ni ya rafiki yake, kwamba aliwahi kumuuzia baiskeli hiyo, na kwamba mafundi waliichanganya na zake. Mwezi Machi akatangaza kwamba anaacha mchezo wala hatakwenda kujitetea. Aprili hukumu ikatoka: kufungiwa miaka sita, faini ya faranga 20,000 za Uswisi, na matokeo yote tangu Oktoba 2015 yakafutwa pamoja na mataji.

Haki kwa walioshindana naye? Ndiyo. Yupo msichana aliyekuja wa pili kwenye tope na baridi ya Novemba bila kupigiwa wimbo wa taifa, na huyo wagonjwa wako hawamtaji kabisa. Kanuni iliyoanza 2015 inaanzia kufungiwa miezi sita. Kupewa sita kwa miaka badala ya miezi ni kuonyesha kwamba jambo lenyewe lilionekana zito, nami nakubali ni zito. Ni zito kuliko sindano, kwa maoni yangu, kwa sababu mwenye sindano angalau bado anakanyaga.

Ila kuna kitu kinachonikosesha raha. Mota haiingii yenyewe. Ekseli ya krenki lazima iwe na meno maalumu, bomba la siti lazima liwe na kipenyo sawasawa, waya upitishwe, swichi ifungwe chini ya utepe na utepe urudishwe usionyeshe mkunjo. Ni kazi ya mtu mwenye ujuzi, tena mwenye utulivu. Mimi sijui ni nani aliyefanya kazi ile, wala simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba popote mota inapopatikana kuna fundi aliyeifunga na mtu aliyeilipia, na kanuni zinaruhusu timu kutozwa faini hadi faranga milioni moja. Mwaka 2016 jina lililobaki midomoni mwa watu lilikuwa la binti mmoja wa miaka 19. Hapo nakubaliana na roho yako inavyouma.

Naona UCI nao wameanza kulitazama hivyo. Mwaka 2024 walimpa kazi hiyo Nick Raudenski, aliyekuwa mpelelezi wa serikali ya Marekani, na wakatangaza zawadi kwa atakayeleta taarifa za kweli. Mpelelezi hufuata wauzaji, pesa na mafundi. Mashine ya eksirei haiwezi.

Waambie wagonjwa wako jambo moja. Tangu siku ile Zolder hadi ninapoandika haya, hajakamatwa mwingine wa ngazi ya juu kama ile. Waliokutwa na mota Italia na Ufaransa mwaka 2017 walikuwa watu wazima wa mbio za ridhaa, mmoja zaidi ya miaka 50, wakishindania zawadi ndogo kabisa. Wacheke hao kama wanataka kucheka, ingawa mimi sioni cha kuchekesha.

Fundi, nilisimama Kimihurura, Kigali, siku ya mwisho ya mashindano. Pogačar wa Slovenia, aliyeshinda siku hiyo, alipita akiwa peke yake na nikasikia gurudumu lake likivuma. Jirani yangu akasema "iyo ni moteri". Kweli?
*Msomaji, Kigali*

Hapana, ndugu. Ulichosikia ni gurudumu la kaboni lenye ringi pana na tupu ndani. Likienda kasi kwenye mawe linavuma, na friwili za siku hizi zina mlio mkali. Hata waendeshaji wenyewe huchanganyikiwa. Mwaka 2021 baadhi yao, bila kutaja majina, waliliambia gazeti la Le Temps la Uswisi kwamba wanasikia milio ya ajabu kutoka magurudumu ya nyuma ya timu fulani. Hakuna kilichopatikana. Na fikiri: Pogačar alitoka mbele kwenye Mlima Kigali zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100 kati ya 267 na nusu, na zaidi ya 60 za mwisho alikuwa peke yake. Mwenye betri ndogo ya siri angetafuta dakika tano za giza karibu na mwisho. Asingejianika mbele ya kamera kwa muda wote ule, akijua kwamba utaratibu wa UCI unataka baiskeli ya mshindi ikaguliwe.

Wivu nakuonea, kusimama Kimihurura siku ile.

Bwana Fundi, mimi ni katibu wa kamati ya mbio za baiskeli za sikukuu hapa Tanga. Mwaka jana aliyeshinda alilalamikiwa kwamba baiskeli yake ina mota, tukakosa la kufanya, karibu watu wapigane. Mashine ya eksirei hatuna na hatutakuwa nayo. Tukague vipi?
*Katibu, Tanga*

Bwana Katibu, barua yako nimeifurahia kuliko zote, kwa sababu wewe unataka kufungua baiskeli badala ya kubishana.

Wakubwa wenyewe wana vifaa vitatu. Vishikwambi vya sumaku, ambavyo umeshavisoma hapo juu. Eksirei ya kubebwa kwenye trela, waliyoizindua Machi 2018, inayochukua kama dakika tano kwa baiskeli. Na tangu 2022 eksirei ndogo ya mkononi. Katika Tour ya 2023 walifanya ukaguzi 997, vishikwambi 837 na eksirei 160. Kamera za joto pia walizijaribu, lakini joto huonekana mota ikiwa imewashwa au imezimwa punde tu, na beringi iliyochoka nayo huwaka.

Huko Tanga watu watakuambia utumie dira ya simu, kwani nayo inasoma sumaku. Kwenye fremu ya kaboni au alumini inaweza kukusaidia. Kwenye fremu za chuma, ambazo ndizo baiskeli nyingi za kwetu, dira itacheza kila mahali na utamtuhumu mtu bure. Usiitumie kwa uamuzi.

Tumia mikono. Tafuta fundi asiye na ndugu kwenye mbio, mpe spana, tochi na mizani ya kupimia magunia. Mshindi, wa pili na wa tatu wakifika tu, baiskeli zishikwe pale pale kwenye mstari, zisiondoke hata hatua kumi. Ongeza mbili kwa kura. Hapo ndipo wajanja hushinda, baiskeli ikipelekwa "kupumzishwa" nyuma ya nyumba na kurudi nyingine, kwa hiyo kabla ya mbio piga rangi ya kucha kwenye fremu na kwenye magurudumu yote mawili, uandike namba.

Kisha fundi achomoe siti na bomba lake na amulike ndani mpaka chini. Kama bomba limeshika kutu na halitoki, mwambie mwenye baiskeli mapema, kabla ya siku ya mbio, kwamba ambaye siti yake haichomoki hashindani. Atazame habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu. Mota nyingi zinazouzwa madukani huku kwetu hukaa kwenye habu, na habu hiyo hujaa kiganja, wakati ya kawaida unaifumbata kwa vidole. Azungushe gurudumu kwa mkono kinyume na mwendo. Habu yenye mota mara nyingi huwa nzito au huchezacheza. Afungue kila chupa ya maji na kumwaga. Ashike mfuko wa chini ya siti. Afuate kila waya unaotoka kwenye usukani mpaka mwisho wake, na waya usiokwenda kwenye breki wala gia auulize unakwenda wapi. Mizani ni ya mwisho tu, kwa baiskeli mbili za aina moja zinazotofautiana kilo mbili bila sababu.

Malalamiko yapokewe kwa maandishi, na mlalamikaji aweke dhamana kidogo ambayo atarudishiwa akiwa sahihi. Jina la anayelalamikiwa lisitangazwe kwenye spika mpaka baiskeli ifunguliwe mbele yake na mbele ya mlalamikaji. Ikikutwa safi, itangazwe safi kwa spika hiyohiyo, kwa sauti ileile.

Na huyo mshindi wa mwaka jana, kama baiskeli yake haikufunguliwa siku ile, ushindi wake ni halali. Mpeni zawadi yake kama bado mmeizuia.